Kozi moja ikigoma, mwaka unakwenda: Hesabu ngumu ya kusajili shahada ya usalama wa mtandao

Wiki ya kwanza ya muhula, ukiingia jengo la kompyuta la chuo kikuu chochote kikubwa cha umma nchini Tanzania, utawakuta wamekaa sakafuni kwenye korido, pale penye soketi. Kompyuta mpakato ziko mapajani, waya za chaja zimepishana miguuni mwa wapita njia, na kila baada ya dakika chache mtu anauliza kama mfumo umerudi. Mgeni angedhani hawa wako katikati ya zoezi la udukuzi. Wanasajili kozi tu.

Mmoja bado hajapata kontroli namba ya kulipia ada. Mwingine alilipa benki jana, lakini mfumo unamwonyesha deni lile lile, kwa hiyo ukurasa wa kozi haufunguki. Wa tatu hana deni: ada imesoma, bima ya afya imesoma, jina lake lipo. Tatizo lake liko kwingine, nalo ndilo la makala haya.

Kila akibonyeza kozi ya usimbaji fiche, mfumo unamkatalia. Mwaka wa kwanza alianguka hisabati za diskriti, akaenda sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu nayo ikamshinda. Sasa anaikeri, yaani anaibeba hadi mwaka unaofuata, na bila hisabati hiyo usimbaji fiche haufunguliwi.

Hasara yake haionekani siku hiyo. Hisabati ile hufundishwa muhula wa kwanza tu, basi ataisoma upya akiwa mwaka wa pili. Usimbaji fiche, nao wa muhula wa kwanza, unasogea hadi mwaka wa tatu. Usalama wa mitandao, unaomtaka mtu awe ameshapita usimbaji, unasukumwa hadi muhula wa mwisho, na huko unagongana na kozi nyingine za ratiba pamoja na mradi wa kuhitimu. Somo moja la krediti 10 limeivuta shahada ya miaka mitatu hadi mwaka wa nne.

D mbili na msimbo wa simu

Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kina shahada ya usalama wa mtandao na uhandisi wa uchunguzi wa kidijitali, inayofundishwa katika ndaki yake ya tehama, CIVE. Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA), ambacho kwa jina lake wengi hudhani ni cha wahasibu peke yao, nacho kina shahada ya usalama wa mtandao. Kwingine mada hizi zimeingizwa ndani ya shahada za sayansi ya kompyuta.

Kabla ya mwaka wa masomo 2017/18, maombi ya vyuo vikuu yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Sasa mwombaji anaomba chuoni moja kwa moja. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, anatumiwa msimbo wa kuthibitisha kimoja na kuviacha vingine.

Kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4.0. A ina pointi 5 na E ina pointi 1, kwa hiyo D mbili zinamfikisha mtu mlangoni. Baada ya hapo kila chuo kina masharti yake, na kwa fani hii hisabati haikosi kuulizwa.

Mzazi husherehekea msimbo ukithibitishwa. Kazi ndiyo kwanza inaanza, maana chuoni kusajiliwa ni mambo mawili. La kwanza ni kusajiliwa kama mwanafunzi: ada, shilingi 20,000 za TCU za udhibiti ubora, shilingi 50,400 za bima ya NHIF kwa asiye na kadi. La pili ni kusajili kozi za muhula, na hili hurudiwa kila muhula hadi siku ya kuhitimu.

Asiyesajiliwa hatambuliwi na ofisa mikopo, na bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, haliingii mpaka asajiliwe na kusaini kwa kidole. Kwa mtu anayeishi kwa shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku kutoka Bodi ya Mikopo, wiki mbili za mfumo kusumbua ni wiki mbili za kukopa maharage kwa mama ntilie.

Ndiyo maana wengi husajili kozi kwa pupa. CR, kiongozi wa darasa, anatupa orodha kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu anabonyeza kama ilivyo, bumu linaingia, maisha yanaendelea. Nani alisoma kitabu cha mwongozo wa chuo ajue kozi ipi inafungua ipi? Wachache sana, na mara nyingi ni wale ambao kaka au dada zao walipita hapo hapo.

Saa 40 kwa wiki, kabla ya kukeri

Tuipige hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi hujidanganya. Kwa mfumo wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mhadhara, semina, maabara na kujisomea, vyote ndani. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360.

Gawa kwa mihula miwili, unapata saa 600 kila mmoja. Muhula ukiwa na wiki 15 za masomo, hiyo ni saa 40 kwa wiki. Ni ajira kamili. Mwanafunzi anayekeri kozi moja ya krediti 10 ameongeza saa 100, karibu saa saba zaidi kila wiki. Akikeri mbili, siku yake ya kazi inakuwa ya saa 11 Jumatatu hadi Ijumaa.

> Anayekeri kozi mbili ana siku ya kazi ya saa 11. Hapo hajafua, hajapika, hajapanga foleni ya daladala.

Na hata anayeponea kwenye sapu, malipo ya jasho lake ni madogo. Katika vyuo vingi aliyefaulu kwa sapu huandikiwa C hata angepata alama 90. C ni pointi 2 kati ya 5. Ukitaka daraja la kwanza unahitaji GPA ya 4.4, na daraja la pili la juu 3.5. C mbili tatu za mwaka wa kwanza hukaa kwenye matokeo hadi mwisho, zikiyavuta chini yale ya mwaka wa tatu ambayo kijana ameyapata akiwa ameshakomaa.

Kwa nini mlango unafungwa

Wanafunzi huuona mfumo unaokataa kozi kama ukiritimba. Mara nyingine ni kweli. Katika fani hii, hata hivyo, kozi zimeshikana kwa sababu za msingi.

Uzi wa kwanza ni wa hisabati. Chukua RSA, njia ya usimbaji iliyobuniwa mwaka 1977 na Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Usalama wake unatokana na jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, kulirudisha jibu kwenye namba zile mbili ni kazi isiyowezekana kwa muda wa maana. Asiyejua hesabu za mabaki, zinazofundishwa kwenye diskriti, atakariri hatua za RSA kwa ajili ya mtihani na kuzisahau njiani akirudi hosteli. Hataweza kueleza kwa nini ufunguo mfupi ni hatari, na hilo ndilo atakaloulizwa kazini.

Uzi wa pili huanza na C, lugha ya kuandikia programu. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia mnyoo, yaani programu inayojisambaza yenyewe, kwenye intaneti ya wakati huo. Njia mojawapo iliyotumia ilikuwa programu ndogo iliyoandikwa kwa C ambayo haikupima urefu wa maneno inayopokea. Ilitenga nafasi ya baiti 512, mnyoo ule ukaipelekea 536. Ziada ile ikamwagika sehemu ya kumbukumbu inayoelekeza kompyuta ifanye nini baadaye, na mashine ikatii amri za mgeni.

Kosa la aina hiyo bado lipo hadi leo. Anayefika darasa la kuchambua programu hasidi bila kujua C wala mifumo endeshi atayasikia maelezo hayo kama hadithi ya majini.

Uzi wa tatu ni wa mitandao: kwanza namna pakiti zinavyosafiri, ndipo namna ya kuzilinda, ndipo namna ya kumfuatilia aliyezichezea. Nyuzi hizi tatu zikichorwa kwenye karatasi moja, na kila kozi ikaandikiwa muhula inaofundishwa, mwanafunzi anaona mara moja kozi tatu au nne ambazo haruhusiwi kuanguka. Hizo ndizo za kuanza kusoma wiki ya kwanza. Masomo ya Maendeleo na Stadi za Mawasiliano, pamoja na heshima zote, yakikeriwa hayafungi mlango wa kozi nyingine.

Wanaotaka Kali siku ya kwanza

Upande wa pili una hoja yake. Kijana aliyeingia chuo kwa sababu ya video za YouTube za udukuzi amekuta hisabati, fizikia ya umeme na insha. Anataka kufungua Kali Linux, mfumo uliojaa zana za udukuzi, anataka kuona pakiti zikipita kwenye Wireshark. Kwake miaka miwili ya kwanza ni kupotezewa muda.

Wahadhiri huwajibu kwamba anayeanza na zana kabla ya misingi ni fundi anayepaua nyumba isiyo na kuta. Zana hubadilika, wanasema, misingi inabaki.

Wote wana sehemu ya haki, lakini nadhani wahadhiri wanajibu swali rahisi zaidi ya lile walilouliza vijana. Hakuna aliyeomba hisabati ifutwe. Wanauliza kwa nini mtu asome mihula mitatu bila kugusa tatizo hata moja la fani aliyoiomba. Maabara moja ya saa mbili kwa wiki katika muhula wa kwanza, ambapo hesabu za mabaki zinatumika kuvunja usimbaji dhaifu kwa mikono, ingewafundisha diskriti vizuri kuliko ubao.

Tena hisabati yenyewe mara nyingi hufundishwa na idara nyingine, darasa moja na mamia ya wanafunzi wa fani tofauti, bila mfano hata mmoja wa usalama wa mtandao. Halafu tunashangaa kwa nini ndiyo inayoongoza kwa sapu.

Sheria ije kabla ya zana

Kuna mpangilio mmoja ambao sioni utetezi wake. Katika baadhi ya mitaala ya fani hii, kozi ya sheria na maadili huwekwa mwishoni, kama kitu cha kumalizia krediti. Kozi za mashambulizi zinatangulia.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimsubiri mwanafunzi afike mwaka wa tatu. Kifungu cha 4 kinafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Hakisemi lazima uwe umeiba kitu. Aliyejaribu zana ya jana darasani kwenye mtandao wa hosteli, kwa udadisi tu, yuko ndani ya maneno hayo.

> Kifungu cha 4 hakisemi lazima uwe umeiba kitu. Kuingia bila idhini kunatosha.

Morris naye alisema hakukusudia kuharibu. Mahakama ya Marekani ilimtia hatiani mwaka 1990: miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kazi za jamii, faini ya dola 10,050. Baadaye alikuja kuwa profesa wa MIT. Sidhani kama kijana wetu aliyeshtakiwa akiwa mwaka wa pili angepata mlango wa kurudia wa namna hiyo.

Sheria ina uzito mwingine kwa wanaosomea uchunguzi wa kidijitali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya 2015, ndiyo inayoeleza lini ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani. Mtaalamu anaweza kunakili diski bila kosa hata moja la kiufundi, na kesi ikaanguka kwa sababu hakuna maandishi ya nani alikaa na diski ile kati ya Ijumaa na Jumatatu. Yote hayo ni kazi ya darasa la sheria.

Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuwa na ofisa wa ulinzi wa taarifa hizo. Ni ajira mpya kabisa. Mtaala ulioandikwa kabla ya hapo hauijui.

“Ile pesa tuma kwa namba hii”

Mwaka 2017 vyama vya kitaaluma vya kimataifa, vikiongozwa na ACM na IEEE, vilitoa mwongozo wa mitaala ya usalama wa mtandao. Uliligawa eneo zima katika sehemu nane: data, programu, vijenzi, miunganisho, mifumo, watu, taasisi na jamii. Unaweza kuutumia kupima orodha ya kozi za hiari za chuo chochote.

Wanafunzi wakipewa hiari hukimbilia tano za kwanza. “Watu” huonekana kozi nyepesi, ya kuokotea GPA.

Sasa angalia simu yako. Utapeli unaomfikia Mtanzania wa kawaida hauvunji usimbaji wowote. Ni ujumbe wa “ile pesa tuma kwa namba hii”, au mtu anayejiita mhudumu wa kampuni ya simu na kumwelekeza bibi abonyeze tarakimu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imetoa namba 15040 ya kuripoti jumbe hizo na *106# ya kukagua laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Hata hivyo, kwa nini mtu anayeujua utapeli huu bado anatuma pesa ni swali la saikolojia, na majibu yake yangeokoa shilingi nyingi kuliko ukuta wa moto mwingine kwenye benki.

Miunganisho nayo ina siku zake. Julai 2023 majirani zetu Kenya waliona huduma za eCitizen zikiyumba kwa shambulio la kufurika maombi, watu wakikwama kupata huduma za serikali. Sibezi upande huo. Nasema tu kwamba anayechagua kozi kwa kufuata msisimko atahitimu akijua kulinda seva ambayo hana, asijue kumlinda mama yake.

Cheti cha dola 749

Ubishi wa shahada na vyeti vya kimataifa haukosekani kwenye korido zile. Wapo wanaoona bora kuacha chuo, kufanya Security+ ya CompTIA au CCNA ya Cisco, na kuingia kazini.

Kwa vyeti vya mwanzo hoja hiyo ina nguvu, na mtu anaweza kuvifanya likizo akiwa bado chuoni, hasa mitandao yake ikiwa imekaa sawa. Vikubwa ni habari nyingine. CISSP inadai miaka mitano ya uzoefu wa kazi, na shahada inakupunguzia mwaka mmoja tu. Mtihani wake ni dola 749, karibu shilingi milioni mbili: bumu la chakula la zaidi ya miezi sita. Kumwambia mwanafunzi wa mwaka wa pili aanze kuiwazia hiyo ni kumvunja moyo bila faida.

Fildi ya kubadili wino

Bodi ya Mikopo hugharamia mafunzo kwa vitendo, au fildi, hadi siku 56, yaani wiki nane. Kwa fani hii ni wiki ngumu kuzitumia. Benki haitamkabidhi mgeni wa wiki nane kumbukumbu za mifumo yake ya ulinzi, na ina sababu. Matokeo yake kijana anayesomea uchunguzi wa kidijitali anatumwa kubadili wino wa printa na kufunga programu ya uhasibu kwenye kompyuta za ghorofa ya tatu, kisha msimamizi anamsainia kitabu.

Aliyepanga kozi zake vizuri ana nafasi ya kuomba zaidi. Akienda fildi akiwa ameshapita mitandao na mifumo endeshi, anaweza kuomba apewe kumbukumbu za zamani zilizofutwa majina, achambue. Ofisi nyingi hazijawahi kuombwa hivyo. Anayekeri kozi mbili hana cha kuombea.

Idara nazo zimebanwa

Suluhisho la kwanza linalotajwa na wanafunzi ni kozi za mnyororo kufundishwa mihula yote miwili, au likizo ndefu, ili anayeanguka apoteze miezi minne badala ya mwaka. Ni dai la haki. Tatizo ni mwalimu. Mtu anayeweza kufundisha uchambuzi wa programu hasidi ndiye huyo huyo anayetafutwa na benki na kampuni za simu, kwa mshahara ambao chuo cha umma hakiugusi. Idara yenye watu wawili wa fani hiyo haiwezi kuwagawa mara mbili.

Hisabati za diskriti na lugha ya C hazina kisingizio hicho. Walimu wake wapo katika kila kitivo cha sayansi, hazihitaji maabara ya gharama, na ndizo zinazokwamisha wengi. Kuzirudia muhula wa pili kunahitaji chumba, ratiba na malipo ya mhadhiri wa muda.

Hadi hapo, mzazi ambaye mwanawe ameshika nafasi mbili na hajautumia msimbo wake bado anaweza kupiga simu kwenye idara zote mbili na kuuliza mambo machache. Kozi zipi zikianguka zinafunga nyingine, na hufundishwa mara ngapi kwa mwaka? Maabara ina kompyuta ngapi zinazofanya kazi, na mwanafunzi huigusa kuanzia muhula gani? Sheria inafundishwa kabla au baada ya mashambulizi? Ofisa atakayejibu bila kuomba muda wa kuuliza wenzake atakuwa ameshajibu swali la chuo kipi.